Mpaka wa Alizeti Pori

Ukipita kijijini kwetu Daudi, huku Mbulu, mvua za masika zikiisha, utakuta njano tupu: kandokando ya barabara, nyuma ya shule, kwenye kingo za makorongo, hadi ukutani kwa kanisa. Wageni wanaotoka Arusha husimamisha magari wakashuka kupiga picha. "Jamani, kwenu kuzuri!" wananiambia. Nami nawajibu, "Karibuni, chukueni na mbegu mkapande kwenu." Wanacheka, wanadhani ni ukarimu.

Maua hayo ni ya alizeti pori. Ukiiona kwa mbali utadhani ni alizeti yenyewe, ila hii hatukamui mafuta, hatupiki mboga, na majani yake ni machungu kiasi kwamba ng'ombe mwenye njaa ya kiangazi anayanusa na kugeuza shingo. Kazi yake ni moja tu, kuota. Na mtu wa kwanza kuileta upande wetu wa mlima ni baba yangu mzazi. Ninalisema hilo kwa fahari yote inayostahili.

Zilikuwa zama za ruksa. Mliozaliwa juzi hamjui: maduka ya ushirika yalikuwa yamebaki rafu na vumbi, bei hazikupangwa tena na serikali, na tukaambiwa sasa kila kitu ni ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa koti la marehemu wa Ulaya. Baba alizipenda zama hizo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Kitu chochote kikiwa kipya, yeye tayari kashakiamini.

Siku moja akashuka mnadani Balangdalalu kununua mbuzi jike. Jioni akarudi na mzigo wa vijiti begani.

"Mbuzi yuko wapi?" mama akamuuliza.

"Mbuzi hawakuwa wazuri. Hebu tazama hivi."

Mama akatazama. Vilikuwa vijiti. Baba akaeleza kwamba amevikata bure kando ya barabara, kwamba ukikichomeka kijiti kimoja ardhini kinaota bila kubembelezwa, na kwamba wafugaji wa kule chini wamemhakikishia ng'ombe wao hawaugusi mmea huo kabisa. Mtu mwingine angesikia hapo kwamba mmea hauna faida. Baba alisikia kwamba amepata uzio.

Sasa nieleze shamba letu lilivyokaa, maana ugomvi wote ni wa hapo. Liko kwenye mteremko. Chini kuna korongo, lenye changarawe na mawe. Juu kuna udongo mweusi mzuri, unaozaa viazi hadi unaona huruma kuuchimba. Na juu zaidi ya huo udongo ni shamba la jirani yetu, mzee wa kanisa, mtu mwenye sauti nzuri sana ya kuombea watu. Kati yetu na yeye palikuwa na mfereji wa zamani uliokuwa mpaka, lakini mvua ziliusomba, na kila msimu wa kulima baba na yeye walikuwa wakirushiana maneno hadi tukachoka kusikiliza. Mwishowe wakakubaliana waite wazee, mpaka upandwe upya.

Kwetu mpaka haupandwi kama mchicha. Kanisani sisi ni Wakristo, lakini mpakani ni watu wa kwetu. Pombe inapikwa, wazee wanakaa, wenye mashamba wawili wanashika mche mmoja kwa pamoja na kuuingiza ardhini, wazee wanaupulizia pombe na kutamka maneno yao. Kuanzia hapo mche huo haung'olewi. Kupogoa unaruhusiwa. Kung'oa ni mpaka wale wawili, au warithi wao wa kiume, washikane mikono tena mbele ya wazee. Atakayeng'oa peke yake, laana itamfuata yeye, watoto wake na ng'ombe wake. Sheria hiyo ilitungwa na watu wenye akili timamu, kwa ajili ya miti inayokaa pale ilipopandwa.

Baba akaja na vijiti vyake. Kwa nini tupande mti wa kusubiri miaka, akawauliza wazee, wakati dunia imefunguka? Nilitegemea wamkemee. Mmoja wao akauliza swali moja tu: pombe ni ya ulezi au ya mahindi? Baba akajibu ni ya ulezi. Hapo mmea ukaonekana hauna kasoro. Baba na jirani wakashikana mikono, wakachomeka vijiti mstari mzima, wazee wakapuliza, wakatamka, wakanywa, na mpaka ukawa mtakatifu.

Ulichanua kabla hata ya mwaka kuisha. Baba akawa anasimama pale asubuhi na mswaki mdomoni akiutazama. Bwana shamba akapita, akampa mkono wa hongera: mbolea ya dukani ruzuku imeondolewa, akasema, sasa kateni majani haya, mfukie, ni mbolea ya bure. Watu wakaja kuomba vijiti. Kisha hospitali ikaanza kutudai kuchangia matibabu, na wanawake wakagundua kwamba kitu kichungu namna ile lazima kiwe kinatibu tumbo na malaria, wakaja nao kuomba vijiti. Wengine wakakata matawi wakatandika zizini. Na sisi watu wa Mbulu hatuchezi na samadi: kila kinachotoka zizini kinabebwa hadi shambani, kinapangwa, kinachanganywa na udongo kwa upendo. Basi aliyekuwa hodari wa samadi kuliko wote ndiye aliyevuna alizeti pori kuliko wote. Wavivu walisalimika. Bado wanatucheka.

Baba hakuishi kuyaona. Ugonjwa ulimchukua haraka, na tukamzika shambani kwake alikotaka, juu kwenye udongo mweusi, chini kidogo ya mpaka wake. Tukamwekea mawe na msalaba wa mbao.

Haukupita muda nami nikarudi nyumbani kutoka kwenye ndoa. Ya ndoa tuyaache, nilirudi na watoto wawili na godoro. Kwetu binti aliyerudi hana ardhi. Ardhi ni ya wanaume, na mrithi alikuwa kaka yangu, ambaye alikuwa Babati akitafuta maisha na hakuwa ameshika jembe tangu apate viatu vya ngozi. Mama hakumsubiri. Akanichukua asubuhi, akanipeleka juu, akachora kwa mpini wa jembe kipande cha udongo mweusi kinachozunguka kaburi la baba. "Lima hapa. Ule na wanao. Kaka yako akiuliza, aniulize mimi."

Kile kipande ndicho kilikuwa changu duniani. Sikuwa na mshahara, sikuwa na mume, sikuwa na ng'ombe. Ningekikosa, watoto wangu wangekula nini? Wangekula aibu.

Na hapo ndipo jirani yetu alipoanza kupogoa.

Unamkuta asubuhi, panga mkononi, upande wake wa mpaka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Napogoa kidogo, majani yasije yakawafunika."

Moyo mzuri huo, utapata wapi! Alikuwa akikata shina hadi usawa wa ardhi, halafu matawi anayarusha upande wetu. Vya upande wake, vile visiki, akavifunika samadi mbichi inayounguza, na akafunga ndama wake juu, mpaka visiki vikaoza. Hakung'oa hata kimoja. Ya upande wetu, yale matawi aliyorusha, mvua ya kwanza tu yakashika mizizi. Tuthubutu kuyagusa? Yameota mpakani, ni mpaka! Akaja mzee mmoja, akayaangalia, akasema ndiyo, ni mmea uleule, umebarikiwa, usiguswe. Nikamwambia lakini mzee, mpaka umeshuka. Akaniambia mpaka haushuki, binti, wewe ndiye unayeuangalia ukiwa chini.

Nikamwitikia, ndiyo mzee. Nilikuwa nimelelewa. Lakini nilienda nyuma ya nyumba nikautukana ukoo wake wote kwa lugha mbili.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, masika hadi masika. Alizeti pori ikishuka kidogo kuja kwangu, jirani anashuka nyuma yake na mahindi. Viazi vyangu vikawa vinarudi nyuma vikielekea korongoni kama watu wanaofukuzwa mkutanoni. Mwaka kichaka kilipofika kaburini kwa baba, nikasema sasa basi, nakwenda kwa wazee. Mama akanishika mkono.

"Mwache."

"Nimwache vipi, mama? Amefika kwa baba!"

"Nimeona amefika. Mwache apite."

"Apite?"

"Mwache ashibe. Na kaburi usilipalilie tena."

Nilidhani uzee umeanza kumwingia. Nililia usiku ule kwa hasira, ninakiri, maana niliona mama yangu mwenyewe ananiacha nifukuzwe. Kaburi la baba likazama kwenye njano. Mwaka uliofuata likatokea upande wa pili, katikati ya mahindi ya jirani. Mama alipita njia ya juu akiwa na ndoo yake ya maji, akaliona, akapita. Ila nilimsikia akiimba.

Wakati huo ndipo mkoa wetu ulipozaliwa. Tulikuwa watu wa Arusha, tukalala, tukaamka watu wa Manyara. Makao makuu Babati. Jina limetoka ziwani, na ziwa wanasema limepewa jina la Kimasai la mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe ambao wafugaji wanauzungushia maboma. Mkoa mzima umeitwa kwa jina la uzio unaokaa mahali pake, na sisi Daudi tukiwa na wa kwetu unaotembea. Kaka akapata kazi Babati, akapata na simu. Mama akamtumia ujumbe kwa mtu wa basi: njoo, mrithi anahitajika mpakani.

Akaja amevaa suti. Akazunguka shamba kwa kunyata, akirudi nyuma kila alipoona tope.

"Mama, kwa nini mgombane na mzee wa watu kwa ajili ya majani?" akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe dada, dunia imebadilika. Tafuta biashara."

"Ya nini, kaka? Ya kuuza hewa?"

"Umeanza."

"Sijaanza bado."

Mama akatutuliza. Wazee walikuwa wameshaanza kufika.

Walikaa upande wa juu, kwa jirani, maana ndiko kulikokuwa na kivuli, tena ndiko kulikokuwa na beseni la mahindi mabichi ya kuchemsha. Mahindi yenyewe manene, yanatoa mvuke. Jirani aliwakaribisha, akaomba sala ndefu ya kushukuru kwa chakula na kwa ujirani mwema, wazee wakaanza kutafuna. Kaka naye akachukua hindi lake, akaketi juu ya leso.

Jirani akasimama. "Wazee wangu, mimi sina maneno mengi. Mpaka tuliupanda na marehemu, mkono kwa mkono, mbele yenu. Mpaka ni alizeti pori. Ilipo, hapo ndipo mpaka ulipo. Mimi sijang'oa hata jani."

"Umepogoa?" akauliza mzee aliyekuwa akiongoza kikao.

"Nimepogoa. Kupogoa si tunaruhusiwa?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Kaka naye akatikisa cha kwake, Mungu amsamehe. Nikaona kipande changu kinakwenda hivihivi, kwa mahindi ya kuchemsha.

Mama alikuwa amekaa pembeni na sisi wanawake. Akajikongoja kusimama, akavuta mgolole wake mabegani.

"Wazee, mimi ni mwanamke, mambo ya mipaka siyajui." Loo, uongo ulioje! "Nauliza kitu kimoja tu. Mume wangu mlimzika wapi?"

"Si shambani kwake, mama?"

"Nami nikifa mtanizika wapi?"

"Kando yake. Wapi tena?"

"Basi naomba mnipeleke nikaone mahali pangu. Miguu yangu imechoka, siku zangu si nyingi."

Akaanza kulia. Mama yangu, ambaye kwenye msiba wa baba alilia kiasi kisha akaenda kukamua ng'ombe kwa sababu ng'ombe hawajui msiba! Alilia hadi wanawake wengine wakaanza kumsaidia. Wazee wakanyanyuka kwa haraka, mahindi mkononi, wakashuka kuelekea upande wetu, wakatafuta kaburi. Wakatafuta kwenye viazi vyangu. Wakatafuta hadi korongoni. Kaka akatafuta naye, akiinua suruali.

"Mbona halipo?" mzee akauliza.

Mama akapangusa macho kwa ncha ya mgolole. "Mlikuwa mmeliegemea."

Wakarudi juu, wakaingia kwenye mahindi ya jirani, nyuma kidogo ya pale walipokuwa wamekaa. Mawe ya baba yalikuwa yametawanywa, mahindi yameota katikati yake, yamestawi vizuri kuliko mengine yote. Na maharage, yale ya kutambaa, yalikuwa yameukwea msalaba wa baba hadi juu, yakaning'iniza maganda.

Yule mzee akalitazama hindi lililoliwa nusu mkononi mwake. Akalitazama kaburi. Akalitazama tena hindi.

"Haya tuliyokula," akamwambia jirani polepole, "umeyachuma wapi?"

"Shambani, mzee wangu."

"Shambani sehemu gani?"

Jirani akainama. Mzee mmoja akatema. Mwingine akaingiza kidole kooni mbele ya watu wote, bila haya. Kwetu chakula kilichoota juu ya maiti wa ukoo mwingine hakiguswi, achilia mbali kuchemshwa na kuombewa sala. Nilijifunika kanga usoni wakadhani nalia. Nilikuwa nacheka hadi mbavu zinauma.

"Chagua," mzee akamwambia. "Hapa ni shambani kwako, na umelima juu ya marehemu wa watu ukatulisha sisi. Au hapa si shambani kwako."

Sijawahi kuona mtu akichagua haraka namna ile. Si shambani kwake! Hapajawahi kuwa kwake! Ni majani tu yaliyomchanganya! Wazee wakaamua mpaka urudi juu, pale mfereji ulipokuwa, na jirani atoe kondoo wa kuwasafisha wote waliokula. Alizeti pori ikang'olewa mkono kwa mkono, jirani na kaka yangu wameshikana, wakitoka jasho, suti ya Babati ikipata elimu ya udongo. Mashina tukayachoma moto hadi majivu. Tukapanda mti wa kawaida, ule wa kusubiri, na safari hii hakuna aliyeuliza habari za pombe.

Tukarudi nyumbani, mama na mimi, jua likiwa bado juu. Nilikuwa nimejaa furaha hadi naongea ovyo.

"Mama, sasa utalala kando ya baba."

Akasimama. "Nani, mimi?"

"Si umewalilia wazee?"

"Nilikuwa nalilia shamba." Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mzito darasani. "Pale juu ni udongo mweusi. Mkinizika pale, mawe, msalaba, kaka yako naye alete saruji ya kujionyesha, utabaki na nini cha kulima? Mnizike chini korongoni, kwenye changarawe. Haioti kitu pale. Baba yako mwenyewe nimemsikiliza ya kutosha."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kile kipande nilikupa wewe ulime. Sikujiwekea mimi pa kulala."

"Basi uwaambie wazee, mama."

"Nikiwaambia sasa watajua nimewachezea, watakunyang'anya. Siku ikifika utawaambia wewe."

Siku ikafika, nikawaambia. Hakuna aliyeniamini. Wazee wakasema tulimsikia kwa masikio yetu, alitulilia. Kaka alikuwa ameshashusha mifuko ya saruji. Jirani yetu, kwa ile sauti yake nzuri, akashuhudia kwamba hajawahi kuona mjane mwenye mapenzi kama yale. Vijana wakapanda na majembe. Nikatangulia, nikalala chini kwenye matuta yangu, nikawaambia wachimbe, wanizike mimi kwanza. Wakanivuta, nikarudi. Wakanitukana, nikatulia palepale. Jua lilipoanza kushuka kaka akachoka, alikuwa na kazi kesho yake, akasema mpelekeni huko anakotaka huyu mwehu.

Wakamchimbia korongoni, kwenye mawe, na kila jiwe walilotoa walilitoa wakilitukana jina langu. Sasa wanawake wakiniona naja kisimani hunyamaza, wakaanza tena nikishapita. Ndiye yule, wanasema, aliyemnyima mama yake kaburi ili apate pa kupanda viazi. Ni kweli, nilimnyima. Nimepanda viazi, nimepanda maharage, watoto wangu wamekula hapo hadi wamekuwa watu wazima. Nikimaliza kupalilia nashuka korongoni, nakaa naye kwenye changarawe, namweleza mavuno yalivyo, na nalia kwa sauti, maana tuliojua alikotaka kulala tulikuwa wawili.